Sauti ya Baba Akirudi

Funguo kwanza. Nilizitua mezani taratibu, kama mtu asiyetaka kusikika. Kisha nikaangusha kiatu kimoja sakafuni. Nikangoja. Nilihesabu moyoni hadi ishirini na mbili ndipo nikaangusha cha pili. Nikaburuta kiti kidogo, nikakiacha.

 Mle stoo, hata Redio, mwenzetu ambaye hofu ilimfanya aongee mfululizo tangu asubuhi, alifunga mdomo.

"Halafu?" aliuliza mwalimu wetu, Mama Makopo.

"Basi. Anakaa."

Hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza shuleni baada ya wiki tano.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Muhula ule nilianza kutetemeka mikono, kisha nikaacha kula mchana, kisha nikaacha kusema. Mwalimu wa darasa aliniita mkaidi. Nesi wa shule, ambaye alikuwa ameona mengi, akanipeleka kwa mwalimu wa ushauri nasaha. Huyo alitukusanya watano, kila Alhamisi, katika stoo nyuma ya maabara, tutunge mchezo wa kuigiza wa redio. Makopo ya kutolea milio yalijaa hadi darini; jina lake la Mama Makopo tulilitoa hapo.

Hakuniuliza nina nini. Alinipa trei na konzi ya maharage, akasema, "Wewe tuletee mvua."

Nikaleta mvua. Mikono bado ilitetemeka, lakini kwa mvua ilifaa sana. Wiki zilizofuata nikaleta farasi, moto, umati wa watu sokoni. Hadi Alhamisi ile, mchezo ulipohitaji baba anayerudi nyumbani.

Baba alikuwa ameachishwa kazi. Kila asubuhi bado alivaa shati la pasi, akatoka, akarudi jioni na kujifungia chumbani. Hakujua kwamba tunajua. Mama alikuwa akisema, "Mwacheni, amechoka," na sauti yake ilitukataza kuuliza zaidi. Mimi nilikaa upande wa pili wa ukuta, daftari wazi mapajani, nikisikiliza. Baina ya kiatu kimoja na kingine sikuvuta pumzi. Niliamini iko siku cha pili hakitaanguka.

Siku ya wazazi tuliigiza nyuma ya pazia. Mama Makopo alikuwa ameniuliza mara mbili kama tuiondoe sehemu ile. Nilikataa. Kupitia upenyo wa pazia nilimwona baba, safu ya tatu, kando ya mama. Zilipolia funguo aliinua kichwa. Kilipoanguka kiatu cha kwanza, mama alimshika mkono. Watu wengine walikuwa wakijipepea kwa karatasi za ratiba.

Njiani kurudi, baba alitembea nami nyuma ya mama.

"Ulikuwa unasikia yote hayo?"

"Yote, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu walipokuachisha."

 Tulikuwa tumeshafika karibu na nyumbani aliposema tena.

"Yule mwalimu wenu. Watu wazima pia anawasikiliza?"

"Sijui. Tumuulize."

Jumatatu nilimsindikiza hadi stoo. Mlango ulikuwa mfupi, ikabidi ainame. Ndani, Mama Makopo alikuwa akimfutia vumbi kiti cha mwanafunzi. Baba aligeuka.

"Utanisubiri?"

"Nina kipindi, baba," nikasema, nikaenda.