Mbao za Dirishani

Ukitaka kuuza nyumba huku kwetu milimani Niigata, Japani, uza Julai. Mpunga umechanua kijani, vyura wanapiga kelele, maji ya mfereji yanapita mlangoni, na kuitaja theluji ni kama kumtaja marehemu kwenye harusi. Dalali alilijua hilo. Ndiyo maana aliwaleta Nachi na mumewe Ryohei, watu wa Kagoshima kule kusini kwenye joto, mwezi huo huo, waione nyumba aliyoihama Mama Sugi.

Nyumba hiyo imebanana na ya Genzo. Genzo ni mjane, na magoti yake yamekwisha. Mimi nakaa ng'ambo ya mfereji, kwa hiyo mengi nayaona bila kuchungulia.

Siku ile nilikuwa kibarazani kwa Genzo tunakula matango. Nachi akaja na boksi la keki za viazi vitamu vya kwao, maana huku anayetaka kuhamia huanza kwa kuwapelekea majirani kitu mkononi. Binti yake Ito, ndiyo kwanza maneno yanamnyooka, akamwendea Genzo moja kwa moja akamshika ndevu.

"Babu, una mbuzi kidevuni!"

Genzo akacheka mpaka akakohoa. Tangu amzike mkewe sikuwa nimemsikia hivyo.

Nachi akaonyesha ukuta wa ile nyumba, upande unaotazamana na kwa Genzo. "Babu, hizi mbao zilizopangwa chini ya upenu ni za nini? Na hizi kulabu za chuma pembeni mwa dirisha?"

Hakuna asiyejua huku. Ni mbao za kufunika dirisha, theluji isije ikavunja kioo. Na dirisha lile lilikuwa na kulabu nene kuliko yote mtaani, kwa sababu theluji yake haikutoka mawinguni tu, ilitoka kwenye bati la Genzo. Zamani paa lake lilikuwa na vyuma vya kuizuia, naye akipanda na koleo kuishusha, anaitupa nyuma shambani. Magoti yalipomshinda akaving'oa vile vyuma, theluji ijishukie yenyewe. Ikajishukia kweli, kwa kishindo, upande wa Mama Sugi, mpaka mwaka mmoja mbao zikapasuka na kioo kikamwagika kitandani. Mama Sugi hakugombana na mtu. Alifunga mizigo, akaenda kwa binti yake mjini.

Genzo akamtazama mtoto. Akazitazama mbao.

"Za kuanikia figili," akasema.

Mimi nilikuwa na tango mdomoni. Nikaendelea kutafuna.

"Figili!" Nachi akafurahi. "Basi Ryohei atazigeuza kitanda cha Ito. Na hili dirisha tutalipanua, kioo mpaka chini. Chumba kiwe chake, akiamka amwone babu."

"Itapendeza," Genzo akasema.

Walipoondoka nikamwuliza, "Figili, Genzo?"

"Na wewe mdomo wako alikuwa ameushika nani?"

Hata mimi nilitaka mtoto mtaani.

Lile boksi hakulifungua. Aliliweka mbele ya picha ya mkewe, kesho yake akaliondoa, akaniambia mkewe analitazama vibaya. Akalipeleka jikoni, halafu nyuma ya mlango. Ryohei alipokuja na futi kupima dirisha, Genzo alijifungia chooni mpaka kijana alipoondoka. Dalali akapita akishangilia kwamba Ijumaa watatia sahihi.

Alhamisi, jua linachoma hasa, nikasikia gonga gonga. Genzo alikuwa anazipachika zile mbao kwenye kulabu, ubao juu ya ubao, jasho linamtiririka.

"Jua limekupanda kichwani?"

"Nishikie hapa."

Nikashika. Nachi alipofika na Ito kupima mapazia, Genzo akamwambia, "Mama, ingia kwanza chumba cha mtoto."

Akaingia. Humo ndani ilikuwa giza tupu mchana kweupe. Genzo akasema naye kupitia mbao, kwa sababu nadhani ana kwa ana asingeweza.

"Hivi ndivyo itakavyokuwa, tangu theluji ya kwanza mpaka Aprili. Nilikudanganya kuhusu figili. Theluji inayoangukia hapa ni yangu, inatoka kwenye paa langu. Vyuma niliving'oa mwenyewe. Mama Sugi alihama kwa sababu yangu."

Nachi akatoka, uso umemwiva.

"Na kile kioo cha mpaka chini?"

"Kingemwangukia mtoto."

"Ukijua hivyo, ungenyamaza?"

"Nilishanyamaza, mama."

"Na mimi pia, mwanangu," nikasema. Hakunigeukia.

Akambeba Ito mpaka garini. Genzo akachechemea nyuma yao na lile boksi, karatasi yake haijachanwa, amrudishie. Nachi akashusha kioo cha gari. "Silichukui. Kaa nalo."

Ijumaa hakuna aliyetia sahihi. Dalali alikuja akatutukana sote wawili, na tulistahili. Siku chache baadaye nikamwona Genzo anaburuta ngazi, na vile vyuma vyenye kutu begani.

"Unampandia nani? Si wameshakwenda?"

"Atakuja mwingine."

Alikuwa amekwama katikati ya ngazi, goti limegoma, gari lao liliposimama. Ryohei akashuka, hakusalimu, akaishika ngazi kwa chini. Nachi akasimama kando.

"Dalali hakusema, wewe ulisema, basi nyumba tunaichukua. Mtoto atalala upande wa pili," akasema. "Dirisha hili hatuligusi. Na theluji ya huko juu ataishusha nani?"

"Mimi."

"Kwa magoti hayo?"

"Atanifundisha mimi," Ryohei akasema. "Babu, mimi hata koleo la theluji sijawahi kulishika."

"Na figili," Nachi akasema, wala hakutabasamu. "Novemba utakuja kuzianika hapa, kwenye kulabu hizi hizi, kwa mkono wako. Nizione."

Sasa kila Novemba, kabla mbao hazijapachikwa, Genzo huzifunga figili kwa kamba na kuzitundika pale, huku Ito akimpigia kelele kwamba mbuzi anazitamani. Zikishakuwa achari, Nachi humletea sahani. Genzo huipokea kwa mikono miwili, anashukuru, na mpaka leo hajaweza kumtazama usoni.