Kesho ya Jailos

Mvua ya kupandia ilianguka mwaka ule kwenye vilima vya juu ya Iyunga, na majembe ya kijiji kizima yakabaki yameegemea ukuta. Tusekile alitaka kupasuka kwa hasira. Udongo umelainika, watu wa bonde la pili wamekwisha kufukia mbegu zao, na huku kwao wanaume wazima wenye ndevu wamekaa mbele ya kanisa tangu asubuhi wanaimba. Waliimba vizuri, hilo alikubali. Lakini tangu azaliwe hajaona wimbo ukiota.

Tusikosee hapa. Tusekile hakuwa mpagani, wala hakuwa mmoja wa wale wanaokwenda kanisani kuonyesha kitenge kipya. Aliamini kwamba Bwana atarudi, na alikuwa na sababu yake ya kutaka arudi upesi. Mtoto wake wa kwanza, Ikupa, alikuwa amelala nyuma ya nyumba yao ya zamani, kule walikoondolewa wakati wa Operesheni ya vijiji. Surua ilimchukua mwaka wa njaa, mwaka wa ule unga wa njano wa msaada ambao watu waliupa jina la Yanga. Watoto wawili walibaki, wadogo. Hata hivyo majirani waliendelea kumwita Mama Ikupa, na mumewe Lutengano wakamwita Baba Ikupa, na kila walipoitwa waliitika.

Kosa lilianzia kanisani. Mwinjilisti mmoja, Saulo, alitoka Iringa akaja kuhubiri habari za siku za mwisho. Kiswahili chake kilikuwa kirefu, cha darasani, na wengi wa pale walijua Kiswahili cha sokoni tu, kwa hiyo akasimamishwa mkalimani. Huyo alikuwa mzee wa kanisa Jailos. Kiswahili chake alikiokota Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, na Mungu alimjalia sauti nzuri na uhakika mwingi. Mtu wa namna hiyo akikosea, hukosea kwa sauti kubwa.

Saulo alisoma juu ya vita na njaa na matetemeko, Jailos akatafsiri bila shida, maana hayo yote aliyajua. Ndipo mwinjilisti akafika kwenye maneno ya Bwana mwenyewe, akainua mkono akasema, "Basi, kesheni!"

Jailos alitua kidogo. Neno lile hakulijua, ila lilifanana na neno analolijua, na mwenye uhakika mwingi haulizi njia. Aligeukia watu, akapaza sauti kwa Kinyakyusa kwamba basi, ni kesho.

Kanisa lililia. Wanawake walijitupa chini, wazee wakaombana msamaha wa ng'ombe walioibiana zamani. Saulo, ambaye hakujua Kinyakyusa hata cha kuombea maji, aliyaona machozi akashukuru kwamba Neno limefika, akapanda basi akarudi kwao.

Kesho yake watu walioga, wakavaa nguo za Pasaka, wakakaa kungoja. Jua likatua kama kawaida yake. Hapo ndipo mtu mwenye haya angesema jamani, nimekosea. Jailos alisema, "Kesho ya Mungu si kama kesho yenu. Lakini mahindi ya mwaka huu hayatabeba kabla hajaja." Watu wakaona kweli, kesho ya Mungu itakuwaje kama yetu? Ikawa sheria: anayepanda hamwamini Bwana. Na kwa kuwa mbegu hazina kazi tena, kila nyumba ishushe mahindi yake ya mbegu kutoka juu ya moshi wa jiko, iyapukuchue, iyaloweke, na Jumapili yapikwe makande ya karamu ya kumpokea Bwana.

"Baba Ikupa, tunapanda lini?" Tusekile alimwuliza mumewe.

"Hatupandi," Lutengano alijibu, na alitabasamu.

Tabasamu hilo ndilo lililomchosha. Lutengano hakuwa mvivu. Alikuwa mkulima ambaye wengine walikuja kutazama matuta yake, na tangu mazishi hakuwahi kucheka. Sasa alikuwa akipiga mluzi uani. Mume mlevi utamngoja alale, mvivu utampelekea wazee wamseme, lakini mwenye furaha utamfanya nini?

"Na hawa wawili? Mwezi wa tano watakula nini?"

"Hawatakula mahindi, Mama Ikupa. Watakula pamoja na dada yao."

Tusekile alitoka nje, akapiga teke ndoo iliyokuwa haina kosa lolote.

Alikwenda kwa Jailos. Akasubiri mlangoni mpaka mzee amalize kunywa chai yake, na mzee hakuwa na haraka.

"Ndaga, baba," alimsalimu kwa Kinyakyusa. "Nimekuja kuuliza hiyo kesho."

"Wewe mwanamke, unataka kumhesabia Mungu siku zake?"

"Aliyehesabu ni wewe, baba."

"Nenda ukaombe, mwanangu. Shetani anapenda kuingilia kwenye tumbo."

Aliwafuata na wazee wengine wa kanisa, mmoja mmoja. Kila mmoja alimpokea vizuri, akatikisa kichwa, akasema jambo hili ni zito, akamwelekeza kwa Jailos. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo, na la Tusekile lilikwisha kuanza kuuma kabla hata ya njaa yenyewe.

Akaamua kwenda Iringa. Aliyesema kesho ni mwinjilisti. Basi mwinjilisti aeleze. Watoto aliwaacha kwa jirani yake Alinanuswe, akamwambia mumewe kwamba anakwenda mara moja, na Lutengano kwa furaha yake hakuuliza ni wapi. Aliteremka hadi barabara kuu na kikapu cha viazi, akapata lori lililokuwa limeshusha mchele wa Rujewa mjini Mbeya na sasa linaelekea Iringa. Dereva, Magesa, alikubali nauli ya viazi. Njiani alimwuliza safari ni ya nini, naye akamweleza.

"Mwisho wa dunia?" Magesa alisema, bila kuondoa macho barabarani. "Mama, mimi nikiuona mwisho wa mlima Kitonga namshukuru Mungu."

Alicheka peke yake mpaka Makambako.

Iringa, mtaa wa Kihesa, haikuwa vigumu kumpata Saulo. Mkewe alionyesha kwa mkono nyuma ya nyumba. Tusekile alizunguka, na alichokiona kilimfanya asimame. Mwinjilisti wa siku za mwisho alikuwa amekunja suruali mpaka magotini, matope mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anapanda mahindi.

"Shikamoo, mwinjilisti," alisema, na salamu ilitoka kama tusi. "Sisi umetukataza kupanda, wewe unapanda?"

Saulo alinyooka taratibu. "Marahaba. Nani amekatazwa kupanda?"

"Sisi wa Mbeya. Wewe si ulisema kesho? Ulisimama pale, ukanyanyua mkono, ukasema basi, kesho."

"Sikusema kesho, mama. Siku hiyo hakuna aijuaye, hata malaika hawaijui. Ningesemaje kesho?" Alifikiri, akiwa na mbegu kiganjani. Kisha uso wake ukabadilika. "Nilisema kesheni."

"Na hiyo si kesho?"

"Hapana! Kukesha. Kukaa macho, usilale. Kama mlinzi..." Na hapo, Mungu amsamehe, mwinjilisti alicheka.

"Usicheke!" Tusekile alipiga kelele mpaka mke wa Saulo akatokea mlangoni. "Kwetu watu wanakula mbegu. Jumapili zinaingia chunguni, halafu wewe unacheka!"

Kicheko kilikatika. Saulo alikaa kwenye tuta, akamweleza vizuri, na aliyasema kwa aibu. Kwamba mlinzi wa ghala hakeshi kwa kupanda juu ya paa kutazama njia ambayo tajiri atapita. Anakesha kwa kulinda ghala. Kwamba hata zamani za mitume walikuwepo walioacha kazi wakingoja, na wakaambiwa wazi kwamba asiyetaka kufanya kazi, na chakula asile. "Anayengoja bwana wake haachi kazi, mama. Bwana akija amkute nayo mikononi."

Tusekile alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, ambayo hakuwa amepanga kuitoa:

"Lakini atakuja?"

"Atakuja."

"Na watoto waliotangulia?"

"Na watoto. Hilo sikulitia chumvi, wala mkalimani hakulikosea. Kama si hilo, mimi ningehubiri nini?"

Alijifuta macho na ncha ya kitenge. Kisha akarudi kwenye lililomleta. "Twende ukawaambie."

Saulo aliinamisha kichwa. Jumapili alikuwa na ibada Njombe, watu wamekwisha kutangaziwa. Angeandika barua.

"Barua itasomwa na nani?" Tusekile aliuliza. "Jailos ndiye msomaji."

Mwinjilisti alikung'uta matope viganjani. Alimshika mkono, akamwombea safari njema, akampa mkungu wa ndizi. Njia nzima ya kurudi, amebanwa kati ya magunia ya chumvi kwenye lori jingine, Tusekile alikuwa anaugombeza ule mkungu. Neno amelitupa mwanamume, limedakwa vibaya na mwanamume, na anayetumwa kwenda kuliokota ni nani? Mama Ikupa.

Alifika Jumapili asubuhi. Mbele ya kanisa vyungu vya nyumba kadhaa vilikuwa vimekwisha kuwekwa mafigani, na harufu ya mahindi ilikuwa tamu, jambo lililomuudhi zaidi. Alisimama katikati ya watu akiwa na vumbi lake la safari, akasema yote: kesheni, mlinzi, ghala, mwinjilisti mwenye matope. Wengine walitazamana. Mama mmoja aliondoa kuni mbili chini ya chungu chake, akasita, akazirudisha.

Macho yote yakamwendea Jailos. Na Tusekile aliona, aliona kabisa, kwamba mzee ameelewa. Midomo yake ilicheza na lile neno mara moja, kesheni, kesho, na shingo ikamlegea. Ilikuwa nafasi yake. Sentensi moja tu, na watu wangekimbilia mashambani.

"Mwinjilisti wa Iringa," Jailos alisema hatimaye, "hawezi kunifundisha mimi Kinyakyusa."

Wimbo ukaanza tena.

Tusekile alikwenda nyumbani. Lutengano alikuwa uani na shati lake jeupe. Pembeni yake kulikuwa na chungu kikubwa, mbegu zao zote ndani, zimelowa, zimevimba, zinang'aa. Alikuwa anajifunga mkanda apate kukibeba.

"Umerudi," alisema kwa furaha. "Nilikuwa na hofu atakuja hupo."

Alimweleza. Alimweleza polepole, neno kwa neno, na alipokuwa akieleza aliona furaha ikimtoka mumewe usoni kidogo kidogo, mpaka akaanza kujichukia kwa kuiondoa.

"Basi si kesho," Lutengano alisema.

"Hajui mtu. Huenda kesho, huenda wajukuu wetu ndio watakaomwona. Lakini mbegu ikishalowa hairudi kwenye moshi, Baba Ikupa. Ichemshwe au ifukiwe, na ni leo. Chukua jembe."

"Siwezi." Alikaa chini na shati lake jeupe, kwenye matope. "Nikichukua jembe nimesema haji. Nimesema Ikupa abaki kule."

Hapo hasira yote ya Tusekile, ya Jailos, ya wazee, ya Saulo na ibada yake ya Njombe, ilimwagika mahali pamoja.

"Mimi nilimbeba tumboni! Nikambeba mgongoni! Nikambeba mpaka kwenye shimo, wewe ulikuwa huwezi kusimama! Unafikiri unayemngoja ni wewe peke yako? Hilo nalo nilimwuliza yule mtu wa Iringa. Amesema atakuja, na watoto watakuja. Mimi nimeamini. Sasa nimwambie nini akiniuliza wadogo zake wako wapi? Nimwambie walikufa njaa tukiwa tunamwimbia yeye?"

"Umeninyang'anya kesho yangu," Lutengano alisema.

"Nimekunyang'anya kesho ya Jailos. Ile nyingine ipo."

Hakumngoja ajibu. Alijitwika chungu, maji yakimtiririkia shingoni, akachukua jembe kwa mkono mmoja akapandisha kilima kwenda shambani. Alichimba akiwa analia, akatia mbegu, akafukia kwa mguu, na kila shimo alilichimba kwa nguvu kuliko lilivyohitaji. Kutoka kanisani wimbo ulikuja na moshi wa makande. Walikuwa wanakula sasa. Mbegu za kwa Alinanuswe, mbegu za kwa Danieli wa nyumba ya pili, za kwa mama wa zile kuni mbili. Hakuna ambaye angezirudisha. Mwezi wa tano wangekuja mlangoni kwake na vibakuli, na angewapa, alijua angewapa, na hilo nalo lilimkasirisha.

Alikuwa amefika nusu ya shamba aliposikia jembe la pili. Lutengano alikuwa ameanzia upande wa chini, bado na shati la kumpokea Bwana, mikono imekunjwa. Hakumtazama. Alichota mbegu chunguni akarudi kwenye mstari wake, akawa anachimba kama alivyochimba siku zote, mashimo yaliyonyooka bila kamba. Walisogeleana mpaka wakawa wanaweza kusikia kila mmoja anavyohema.

Lutengano alisimama, akaangalia mawingu upande wa Rungwe.

"Na akija kabla hatujamaliza mstari?"

"Tutaacha majembe hapo hapo tukimbie," Tusekile alisema, na bado alikuwa amekasirika. "Sasa fukia hiyo mbegu, ndege wanaiona."