Waya Uliosokotwa Kushoto

Mama Spana alilisikia gari la baba yake kabla hajaliona, na alichokisikia kilimfurahisha, Mungu amsamehe. Lilikuja taratibu nyuma ya ukuta wa gereji, na lilipofika getini na kusimama, injini ikaanza kutetemeka kama mgonjwa wa homa: inashuka, inataka kuzima, inajikurupusha, inashuka tena. Boneti lilicheza, hata kioo cha pembeni kilicheza. Alipoinama dirishani kumwamkia mzee, aliona na taa ya injini kwenye dashibodi, ya njano, imewaka kwa raha zake.

"Shikamoo, baba," alisema, akajikaza asitabasamu.

Gari lile lilikuwa halijaingia gerejini kwake tangu mvua zilizopita. Lilikuwa linapelekwa kwa mume wa mdogo wake, fundi mwenye gereji ya sakafu ya vigae upande wa pili wa mtaa, ambaye watu walimpachika jina la Daktari kwa sababu hagusi gari kabla hajalichomeka mashine ya kupimia. Mzee hakugombana na mtu wala hakuaga. Alihama tu, kama mtu anavyobadilisha kinyozi. Na Mama Spana, binti mkubwa, aliyejifunza kushika spana kwenye gari hilo hilo akiwa bado ana mapengo mdomoni, kila akipita mbele ya gereji ya shemeji yake alikuwa akiliona limepaki kivulini, limeoshwa, na kijiba cha roho kinampanda mpaka kooni.

Tusipambe maneno: alikuwa na wivu, wa kulala nao na kuamka nao. Mdogo wake alipompigia simu kumsimulia jinsi baba anavyomsifia mkwe wake, alisingizia mtandao unakatakata. Alifikia hatua ya kununua mashine kama ya Daktari, rangi ile ile, kisha akaificha kwenye boksi chini ya meza, maana alishawatangazia wateja wote kwamba mashine ni za mafundi wasiojua kusikiliza.

Mzee alishuka, akaeleza shida. Likiwa mwendoni gari halina neno. Likisimama tu kwenye foleni, linamtikisa mpaka meno yanagongana. Mkwe wake alishabadilisha plagi, na taa bado inawaka.

"Baba, huyo amekuharibia gari," alisema Mama Spana. "Nakwambia hata kabla sijafungua boneti."

Mzee alikaa kwenye benchi, akapokea kikombe cha chai, akakipuliza kwa muda kama mtu asiye na haraka ya kujibu. "Basi tuwekeane ahadi," alisema. "Ukikuta ni kosa lake, gari halitoki tena mikononi mwako. Ukikuta si lake, usinisemee mkwe wangu vibaya tena. Wala usimsemee kwa mdogo wako."

Mama Spana alikubali papo hapo. Hata posa yake mwenyewe hakuikubali kwa haraka vile.

Alianza na plagi, kwa kuwa ndizo Daktari alizozigusa. Alizifungua moja moja, akizigeuza juani. Zilikuwa mpya, za aina yake, zimekazwa inavyotakiwa, si kwa nguvu wala kwa ulegevu. Zile za zamani zilikuwa kwenye droo ya gari, zimefungwa kwenye gazeti, kwa sababu mzee tangu enzi zake za udereva alikuwa na sharti lake: fundi akitoa kitu kwenye gari, anamkabidhi mwenye gari mkononi. Alizitazama nazo. Zimechakaa, nyeusi tii. Hata yeye angezibadilisha.

Akahamia kwenye koili zinazozipa plagi moto. Aliiacha injini inaunguruma, akawa anachomoa moja na kuirudisha, kisha ya pili, na kila aliyoichomoa ilizidisha mtetemeko. Maana yake zote zinafanya kazi, hakuna inayotegea. Akafungua boksi la chujio la hewa. Lilikuwa safi, limefungwa vibanio vyote. Alikuwa anatafuta kosa kama mke anayepekua mifuko ya suruali, na kama mke huyo, kila mfuko uliotoka mtupu ulimtia hasira zaidi.

Mwishowe alimpa baba yake mgongo, akaitoa ile mashine kwenye boksi, akaichomeka chini ya usukani haraka haraka kama anaiba. Ikampa jibu lake bila maringo: hewa ni nyingi, petroli ni kidogo. Kumbe kuna mahali injini inavuta hewa ya wizi. Tundu dogo la namna hiyo halisumbui gari likikimbia, ila likisimama, ndipo injini inapokosa pumzi.

Mpira uliolegezwa na kusahaulika ni kosa la fundi, na fundi wa mwisho kuligusa gari hili ni mmoja tu.

Alichukua kopo la dawa ya kusafishia kabureta, akawa anapuliza kidogo kidogo kwenye viungo vya mipira ya hewa huku ametega sikio, maana penye tundu mlio hubadilika. Mbele, kimya. Pembeni, kimya. Alipopuliza nyuma kabisa ya injini, kule ambako mkono unaingia kwa kuchunika, mlio ulipanda ghafla, mtetemeko ukatulia, kisha dawa ilipokauka ukarudi. Hapo hapo. Mama Spana alicheka peke yake. Akamwona akilini Daktari akija kuomba radhi, mdogo wake amenyamaza kwenye simu, gari limepaki hapa, chini ya bati lake.

Akapenyeza mkono wa kushoto, mkono wake wa kazi, akapapasa. Vidole vilikutana na kipande cha mpira wa baiskeli kilichopasuka, kimefungwa kwa waya juu ya bomba bovu. Akaufuata waya kwa kidole gumba mpaka kwenye kifundo. Ulikuwa umesokotwa kuelekea kushoto.

Mafundi wote wa mtaa ule walisokota waya kulia, isipokuwa yeye.

Alibaki ameinama, mkono ndani ya injini ya moto, na akakumbuka kila kitu. Baba yake alikuwa na safari ya msiba, amevaa koti, anatazama saa. Naye akafunga kiraka kile, akasema ni cha muda tu, baba, niletee kesho nikuwekee kipya. Mzee alileta kesho yake. Gereji imejaa wateja; akaambiwa kesho. Akaja tena, akakaa kwenye benchi hili hili, akanywa chai, akaambiwa kesho. Baadaye akawa haji.

Mama Spana alikata waya, akautia pamoja na kiraka mfukoni mwa ovaroli. Akaweka bomba jipya na vibanio vipya, akaifuta ile taa ya njano kwa mashine, sasa bila kuificha, akafunga boneti. Injini ikatulia. Kikombe cha chai alichokiweka mzee juu ya boneti hakikutikisika.

"Ilikuwa nini?" aliuliza mzee.

"Mpira wa hewa."

"Wa zamani uko wapi?"

Karibu na mguu wake palikuwa na ndoo ya mipira chakavu ya magari ya watu. Wowote ungefaa. Macho ya mzee hayakuwa na nguvu tena, na mkono wa Mama Spana uliteremka kweli, ukagusa ukingo wa ndoo. Halafu akauona mwenyewe ulivyo mweusi, na aibu ikamshika. Akauingiza mfukoni, akamwekea baba yake kiganjani kile kiraka na waya wake.

"Ni mimi, baba."

Mzee alikigeuza, akapitisha kidole kwenye waya. "Najua. Mkwe wangu alikiona siku ya kwanza. Akasema huu ni mkono wa shemeji, yeye hawezi kuufungua. Akaniambia nikurudishie gari mwenyewe."

Hilo lilimuuma kuliko tusi. Hata heshima, Daktari alikuwa amemtangulia.

"Na ukaniwekea ahadi unajua?"

"Nilijua nani amefunga. Kama utaniambia, hilo sikulijua." Alikitia kiraka mfukoni mwa shati, akashika mlango wa gari. "Ila ahadi ni ahadi."

"Lipeleke kwake," alisema Mama Spana. "Nawe utakuja lini?"

"Kesho," alisema mzee, bila kejeli, kama neno lolote la kuagana.

Gari lilitoka getini. Mama Spana alisimama pale ametega sikio, lifike kwenye kona, apate japo mlio wake. Lakini alikuwa amelitengeneza vizuri mno, na hakusikia kitu.