Pengo la Nafasi ya Nne

Mwalimu alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo walimtatiza wanafunzi, wazazi, wakaguzi na mara nyingine hata mkewe, lakini namba hazikuwahi kumtatiza. Sasa alikuwa katika mwaka wake wa pili wa kustaafu, na Jumamosi moja asubuhi, akiwa mezani na kikombe chake cha chai, namba tisa na pengo moja zilimvuruga akili.

Zilikuja kwa simu, katika kundi la walimu wastaafu wa shule yao ya zamani. Aliyezituma alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, mwalimu wa Kiswahili ambaye wanafunzi walimbandika jina la Sarufi, likamganda mpaka jina la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti tu. Aliandika hivi:

4, 5, 4, __, 4, 4, 4, 4, 4, 4

Na chini yake: "Jazeni pengo. Mtoto wa darasa la pili anaweza. Watu wa hesabu msikimbie."

Mwalimu alicheka peke yake. Sarufi na hesabu wapi na wapi! Mtu aliyekuwa akimwomba amjumlishie alama za darasa kila mwisho wa muhula. Bila hata kuweka kikombe chini akaandika 5. Nne, tano, nne, tano; kuna nini tena hapo?

"Siyo," Sarufi akajibu.

Mwalimu wa sayansi akajaribu 4, akasema ile tano ya mwanzo ni kidole kimeteleza. "Siyo, na kidole changu ni kizima," akajibiwa. Mwalimu wa michezo akauliza kama huo ni mpangilio wa wachezaji uwanjani, maana kama ndivyo, timu hiyo haina golikipa. Watu wakatuma vicheko, kisha kila mmoja akaenda na shughuli zake.

Mwalimu hakwenda popote. Alichukua karatasi.

Alitafuta tofauti kati ya namba na namba. Kutoka nne kwenda tano, moja inaongezeka, kutoka tano kwenda nne, moja inapungua, halafu pengo, halafu nne sita zimepangana kama watu waliochoka kubishana. Alizisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Akazigawa mbilimbili, kisha tanotano. Akajaribu kuona kama ni siku za wiki, kama ni miezi, kama ni saa. Kila njia aliyoishika ilimponyoka. Chai ilipoa ikafanya utando juu.

Ingekuwa miaka mitano iliyopita, angeitupa ile karatasi na kumwambia Sarufi aache upuuzi. Lakini mwezi huo Mwalimu alikuwa na jambo lililomkaa rohoni, na hakuwa amemwambia mtu. Wiki tatu nyuma aliteleka maji jikoni, akatoka kupunga hewa, akakumbuka aliponusa birika linaungua. Siku nyingine alitumwa sabuni akarudi na mishumaa, na akabisha kwamba ndiyo aliyotumwa. Na juzi tu, kijana mmoja alimsimamisha njiani, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamsalimu kwa heshima zote, na Mwalimu akamtazama usoni kama anayetazama ukuta. Kijana huyo alikuwa kiranja wa darasa lake miaka minne mfululizo. Jina halikuja siku ile, wala usiku, wala kesho yake.

Kwa hiyo aliposoma "mtoto wa darasa la pili anaweza," moyo ulimpiga paa. Je, kama ndivyo inavyoanza? Kwanza birika, kisha sura za watu, mwisho namba zenyewe?

"Mwalimu, huli?" mkewe aliuliza saa saba mchana.

Mkewe alikuwa fundi wa maandishi. Ndiye aliyechora mabango ya nusu ya maduka ya mtaa ule, na vibao vya milango ya ofisi, na majina ya barabara. Karakana yake ilikuwa kibaraza cha nyuma, na vidole vyake havikukosa rangi hata siku ya harusi ya binti yao. Yeye alimwita mumewe Mwalimu, naye mume alimwita Fundi. Wakishaitana mke wangu na mume wangu, majirani walijua kumekucha.

"Nakuja, Fundi."

Alikula huku anahesabu. Mkewe alimwona anagonga meza kwa kidole, nne, tano, nne, akamsogezea maji.

Jumapili alasiri akapata. Au alidhani amepata. Alizijumlisha namba zote zilizopo, zikawa thelathini na saba. Nafasi ni kumi. Ukiweka tatu penye pengo unapata arobaini kamili, na arobaini kwa kumi ni nne. Wastani! Kila kitu kinarudi kwenye nne! Aliinuka kitini, akaandika kwenye simu: "Jibu ni 3. Wastani wa namba zote ni 4."

Sarufi hakuchelewa. "Jibu ndilo! Njia siyo."

Mwalimu aliusoma ujumbe ule mara nne. Njia siyo, kivipi? Akaandika: "Kama jibu ni sahihi na njia ni sahihi kihesabu, kosa liko wapi?"

"Hukosei. Umeliokota tu. Tafuta kwa nini ni tatu."

Hapo ndipo alipochanganyikiwa kabisa. Asiyekuwa na jibu ana afadhali, maana anajua anatafuta nini. Yeye alikuwa na jibu mkononi na hakujua ni la swali gani. Na uchungu wake ulizidi kwa sababu huo ulikuwa wimbo wake mwenyewe darasani: hata jibu likiwa sahihi, kama hukuonyesha njia alikupa nusu ya alama, na machozi hayakusaidia. Ni watoto wangapi walisimama mbele yake na jibu sahihi, hawajui wamelitoa wapi, naye akawaangalia kama wezi?

Aliweka simu kifudifudi. Akaigeuza. Akaiweka tena kifudifudi.

"Kuna nini, Mwalimu?" mkewe akauliza. "Tangu jana uko hapa, hupo."

"Hamna kitu."

"Hamna kitu ndiyo kimekunyima usingizi?"

"Sarufi kaleta fumbo la namba."

"Na wewe fumbo la namba linakufanya ukae hivyo?" Alionekana kama mwenye neno jingine, lakini akalimeza. "Haya. Kesho unisaidie kibarazani. Nina kazi ya watu na mbao zimenielemea."

Jumatatu, baada ya chai, Mwalimu akatoka nyuma. Fundi alikuwa amepanga vipande vya mbao sakafuni, vimepigwa randa vikawa laini, na pembeni pana kopo la rangi nyeupe na brashi mbili.

"Ni kazi ya binti yake Sarufi," alieleza. "Yule mwenye shule ya chekechea. Anataka vibao vya kutundika ukutani, watoto wajifunze kusoma hesabu kwa maneno, moja mpaka kumi. Wewe nishikie nikate. Hivi vinane tayari ni saizi moja. Bado kirefu kimoja na kifupi kimoja."

Mwalimu aliushika ubao. Msumeno ukaanza kukereza. "Kwa nini visilingane vyote?"

"Havilingani, kwa sababu ya herufi. Mimi kila herufi naipa nafasi yake, upana wa vidole vitatu. Neno la herufi nne, kibao cha herufi nne. Moja, tatu, tano, yote ni sawa. Anayenisumbua ni mbili, ana herufi tano, huyo ndiye wa kibao kirefu. Halafu nne, yeye kafupika, ana herufi…" Msumeno ulisimama, maana ubao ulikuwa umeacha kushikwa. "Mwalimu! Shika ubao, nitajikata!"

Lakini Mwalimu alikuwa amechutama sakafuni. Aliokota chaki ya Fundi, akaandika hapo hapo kwenye saruji: moja. Akahesabu kwa ncha ya kidole kama mtoto: m, o, j, a. Nne. Mbili: tano. Tatu: nne. Nne…

N, n, e.

"Tatu," alisema. Kisha akaendelea mpaka kumi, neno kwa neno, ingawa alishajua, na kila neno lilimpa nne yake. Alipomaliza alibaki amechutama, hajui acheke au atukane.

"Fundi, kazi hii aliileta nani?"

"Sarufi mwenyewe, Alhamisi. Alikaa hapo kwenye kigoda akinitazama napima. Akawa anaulizauliza habari za herufi, nikamweleza. Kwani vipi?"

"Hii si hesabu!" Mwalimu alifoka. "Siku tatu, Fundi! Siku tatu naumiza kichwa, kumbe ni tahajia!"

Hakungoja jibu. Alivaa viatu, soksi mguu mmoja tu, akashika njia.

Alimkuta Sarufi barazani kwake anamenya machungwa. Sarufi alimwona anavyokuja, akasogeza kiti cha pili.

"Herufi," Mwalimu alisema kabla hajakaa. "Umenihesabisha herufi."

"Ewaa! Nani kakuambia?"

"Sakafu ya kwangu. Na ulisema mtoto wa darasa la pili anaweza."

"Si anaweza? Hajajua tofauti wala wastani. Kitu pekee alichonacho ni maneno." Sarufi alicheka, lakini mwenzake hakucheka, kwa hiyo kicheko kikakatika njiani. "Rafiki yangu, umekasirika kweli?"

Mwalimu alikaa. Alitazama mguu wake usio na soksi, na pale ndipo alipouona kwa mara ya kwanza. Hasira yote ikamwishia miguuni.

"Nilidhani zimeanza kunitoka," alisema.

"Nini?"

"Namba. Kila kitu." Akasimulia; birika, mishumaa, kiranja wa darasa. Alivyosema kwa sauti yalionekana madogo, kisha alivyonyamaza yakaonekana makubwa tena. "Halafu wewe ukaleta swali la mtoto, na mimi silioni. Nikasema ndiyo hiyo, imefika."

Sarufi aliweka kisu na chungwa chini.

"Shemeji alinigusia Alhamisi," alisema. "Habari ya birika na mengineyo. Alisema umejifungia, kwenye kundi huandiki, kwangu huji. Akaniomba nikuchokoze. Ndiyo nikatunga. Nilidhani utacheka. Haki ya Mungu sikudhani nitakutia hofu."

"Fundi anajua?"

"Ulidhani mtu anaunguza birika ndani ya nyumba na mkewe asisikie harufu?"

Mwalimu alichukua kipande cha chungwa akakitafuna bila kukionja. Kwa hiyo mkewe alijua siku zote, akanyamaza ili yeye asiaibike. Na yeye akanyamaza ili mkewe asiogope. Na wao wawili wamekula wali meza moja kwa mwezi mzima kila mmoja anamlinda mwenzake na kitu kile kile.

Nyumbani alimkuta Fundi anapaka rangi kibao cha mbili. Akasimama nyuma yake.

"Kwa nini hukuniuliza, mke wangu?"

Brashi ilisimama. "Nilikuuliza jana. Ukasema hamna kitu."

"Nilidanganya."

"Najua." Aliifuta brashi kwenye mdomo wa kopo, taratibu, upande huu na upande ule. "Alhamisi hii tunakwenda kwa daktari, mume wangu. Nimeshaomba nafasi. Ungekataa, ningemwambia Sarufi akubebe."

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimwambia Mwalimu maneno matano ayashike, akamwomba achore uso wa saa, kisha ahesabu kurudi nyuma kutoka mia moja kwa kutoa saba saba. Mwalimu alishuka ngazi hiyo mpaka mbili bila kujikwaa, haraka kiasi kwamba daktari alilazimika kumzuia asiendelee chini ya sifuri. Lakini alipoulizwa yale maneno matano, alitaja manne. La tano alilitafuta darini, dirishani, kwenye viganja vyake. Halikuwepo.

"Ni ugonjwa?" aliuliza. "Niambie tu."

"Leo siwezi kukuambia ndiyo, wala siwezi kukuambia hapana," daktari alisema. "Inaweza kuwa umri. Inaweza kuwa damu, au usingizi, tutapima. Mtu kupoteza neno moja si ajabu. Urudi baada ya miezi mitatu, tulinganishe."

Alitoka na karatasi ya vipimo mkononi. Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, mkoba magotini, vidole vina rangi nyeupe mpaka kwenye kucha.

"Kasemaje?"

"Hajui."

"Hajui kivipi?"

"Kasema hajui bado. Miezi mitatu."

Mkewe alisimama, akaichukua ile karatasi, akaisoma juu mpaka chini kama ambaye angeweza kukuta humo kitu ambacho daktari hakukiona. Alipomaliza aliikunja akaitia mkobani.

"Maabara wamesema ni mlango gani?"

Mwalimu alitazama kushoto, akatazama kulia. Korido ilikuwa ndefu na milango yote imefanana. "Alinielekeza," alisema. "Sikushika."

"Hata mimi nisingeshika," Fundi alisema, akamtia mkono kwapani, wakaenda kuuliza.