Wimbo Usio na Chemko

Niliota usiku wa kuamkia leo kwamba mjukuu wangu Anjela amerekodi wimbo wake saa mbili asubuhi, akautoa saa mbili na robo.

Wimbo ulikuwa na umbo la msichana. Ukazunguka dunia nzima, ukarudi kabla sijamaliza chai, kichwa chote mvi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona umezeeka?"

"Ndio umri wetu siku hizi. Jioni nazikwa."

Humo studio, Anjela analia. Mikrofoni inanisogezea kiti, inaniinamia. "Pole, Mama. Wiki hii tumeshazika nyimbo thelathini."

Nikaushika wimbo mkono. Mlango wa studio ukafungukia ukumbi wa dansi wa Morogoro, ambako marehemu mume wangu Gervas alikuwa akipuliza tarumbeta. Enzi hizo bendi ilipiga wimbo mpya ukumbini miezi mitatu, wachezaji wakiurekebisha kwa miguu yao, ndipo ukapelekwa redioni kurekodiwa.

Gervas yupo. Kabla ya salamu anafuta kiti kwa leso yake, ananiketisha.

"Mama Koleta, mgonjwa huyu wa nani?"

"Wa mjukuu wako. Ana dakika mbili tu."

"Dakika mbili mimi bado nakohoa." Anaugeuza wimbo, anausikiliza mgongoni kama daktari. "Chemko liko wapi, ile sehemu ya kuchezea? Watu wakishasikia maneno, wacheze saa ngapi?"

"Tumelikata, Babu," anasema Anjela nyuma yangu. "Watu hawana muda."

"Unawanyima wewe, halafu unasema hawana."

Wachezaji wanaingia. Ni viatu vitupu, jozi kwa jozi, vina adabu sana, vinapishana mlangoni. Vinapojikwaa, Gervas anabadilisha sauti mbili tatu, vinaanza upya. Masika inanyesha humo ndani, inakatika. Miezi mitatu imepita na chai yangu bado ya moto.

Mvi za wimbo zinarudi nyeusi, unywele mmoja mmoja. Kisha tarumbeta inaingia kwenye chemko, na milima ya Uluguru inasogea hadi dirishani, inasimama kusikiliza. Nami nimesimama. Sikumbuki nilinyanyuka lini.

Nilipoamka, Anjela alikuwa ameketi miguuni pa kitanda, simu mkononi.

"Bibi, wimbo nilioutoa jana ulikuwa na dakika mbili. Leo unasoma sita." Akabonyeza. "Nani huyu anapuliza?"

Nikamwambia asiuzime kwanza, tusikilize mpaka mwisho.