Mguu wa Mama Mkwe

Mwanangu alinipigia simu akaniambia nije, tena nije na mkongojo. Nikamuuliza mkongojo wa nini, mimi ambaye kila asubuhi nafua mashuka ya nyumba ya wageni kwa mikono hii na kuyapandisha ghorofani kuyaanika. Akacheka, akasema atanunua yeye. Kazi yangu ni kuchechemea kidogo tu, watu wa ofisi waone huruma. Mke wake amemshtaki ustawi wa jamii, anataka kumvunjia nyumba. Haya. Mtoto akililia wembe mpe, nikapanda basi nikaenda kumpa.

Mwanangu ni dalali wa magari, ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Alinipokea kituoni na mkongojo mpya, bado una karatasi ya bei. Njiani akanifundisha cha kusema: mguu unauma, dawa ni ghali, basi. Nikamuuliza mke kamkosea nini. Akanieleza, tena kwa kicheko, kwamba mwanamke amekuwa na maswali mengi, akamtia adabu kidogo kwa mlango. Nilitaka kwanza kusikia upande wa pili.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja, na kabati la chuma lisilofunga, benchi, na kikapu cha midoli kwa watoto wanaokuja na mama zao. Afisa ni mwanamama wa makamo mwenye sauti ya upole. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikajitupa kwenye kiti kama mgonjwa wa kweli.

Mkwe wangu alikaa mwisho wa benchi. Sikuwa nimemwona tangu harusi. Nilikuwa namkumbuka binti aliyenona, mwepesi wa kucheka. Niliyemkuta pale alikuwa amekonda, kabaki shingo tupu, na mkono wa kulia umefungwa plasta ngumu. Huyu ni mshonaji wa sare kiwandani, mkono huo ndio jembe lake. Akautazama mguu wangu, akaniuliza kwa adabu kama nimepata nafuu. Nikaguna tu.

Afisa akatueleza kwamba siku hiyo kuna jambo moja la kuamua. Ama mwanamke arudi na mumewe kwa makubaliano, ama ofisi imtafutie pa kujihifadhi na kuzungumza na kiwanda ili mshahara wake uingie mikononi mwake mwenyewe.

Mkwe wangu akaanza kusema. Mshahara wake wote unaingia kwenye simu ya mume, na wote unaishia mguuni kwangu. Huu ni mwaka wa pili anakwenda kazini kwa miguu na kuazima sabuni kwa majirani, kwa sababu mama mkwe anakaribia kukatwa mguu. Aliomba aje kuniuguza, akaambiwa mama hataki kuonekana katika hali ile. Mwishowe akaomba aone angalau cheti cha hospitali. Mume akaubana mkono wake kwenye mlango, akausukuma mlango kwa bega mpaka mfupa ukalia.

Mwanangu akasema ni upepo ndio uliofunga mlango.

Damu ilinichemka. Mimi, nikatwe mguu? Mtoto huyu tangu aoe hajanitumia hata kipande cha sabuni! Kanilaza kitandani nikiwa mbali, kanifanya kilema, kamla binti wa watu kwa jina langu. Halafu, kwa ujinga wake, akanileta mwenyewe hapo kuwa shahidi. Alijua mama hamtupi mwana, akaona atayasikia yote hayo na kuendelea kuchechemea.

Afisa akasema kumpiga mke ni kosa, hilo halina mjadala, lakini kama fedha kweli zimemtibu mzazi, basi hayo mengine yanazungumzika. Akanigeukia. "Mama, mguu unaendeleaje?"

Mwanangu akanifinya kiwiko.

Nikasimama. Mkongojo nikaulaza mapajani mwake, nikavuka chumba, nikapanda juu ya benchi, nikashuka, nikapanda tena.

"Mguu huu haujawahi kuona sindano," nikasema. "Na habari za huo upepo wa mlangoni aliniambia mwenyewe njiani, anacheka."

Mwanangu akadakia kwamba mama kachanganyikiwa, ni uzee. Loo! Kama nilikuwa na chembe ya huruma, iliishia hapo. Nikamwambia afisa kwamba nyumba wanayokaa niliijenga kwa kufua nguo za watu, na hati ina jina langu. Hakuna haja ya kumtafutia binti pa kulala. Atakayetoka ni huyu dalali, na polisi wakiuliza habari za mkono, waniite mimi kwanza.

"Mama, unanitupa kwa ajili ya mtu baki?" akasema. "Siku ukiugua kweli usinitafute."

"Nitaugua nini tena, baba? Umeniuguza miaka miwili bila mimi kujua. Magonjwa yangu umeyamaliza."

Afisa akavua miwani, akatoka, akarudi na askari. Wakamchukua. Alikuwa ananitazama mimi tu, kwa macho yale yale ya utotoni alipokuwa akivunja kitu na kusubiri nimkingie kwa baba yake. Nikamwacha anitazame. Nilisikia raha, Mungu anisamehe, raha ya kukuna panapowasha.

Mkwe wangu hakunishukuru. Tulipofika nje aliniuliza jambo moja: siku mwanao akija kulia mlangoni, mama, utamfungulia? Lilikuwa swali la haki, sikuona vibaya. Nikamwambia tupitie kwanza kwa fundi wa vitasa.

Fundi alikuja na sisi mchana ule ule. Nililia, sikatai, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nililia huku namshikia fundi bisibisi, na alipomaliza kufunga kitasa kipya nikamwambia aongeze na komeo.