Birika la Darasa la Kikorea

Darasa letu la Kikorea lilianza watu wakigombania viti. Wengi waliletwa na tamthilia za kwenye simu. Walipoziona herufi, wakakumbuka ghafla kwamba ndoto yao tangu utotoni ilikuwa uhasibu. Nikabaki mimi, mwalimu, na birika lake la chai.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Korea, na birika lilikuwa sehemu ya somo. Alitufundisha kwamba kwao mezani hujimiminii mwenyewe. Unammiminia mwenzako, naye anakumiminia wewe. Kikombe kikiwa kitupu, unangoja. Enzi za wingi wetu ilikuwa vurugu tupu, chai mpaka kwenye madaftari. Sasa alinimiminia yeye, nikammiminia mimi, kama walinzi wawili wanaopigiana saluti kwenye geti ambapo hakuna anayepita.

Halafu mkuu wa idara akatamka: asipopatikana mwanafunzi wa pili kufikia Ijumaa, somo linafungwa. Mwalimu arudi kwao, mimi nihamie uhasibu, kwa wale wasaliti.

Nikamvaa mwenzangu wa chumbani, tuliyempa jina la Injinia tangu alipotengeneza pasi ikaunguza shati lake mwenyewe.

"Kaka, twende darasani kesho. Ujaribu tu."

"Kikorea? Mimi Kiswahili chenyewe baba akikasirika sikielewi."

"Kuna chai."

"Si ungeanza na hilo, ndugu yangu!"

Alikuja kweli. Mwalimu alikuwa amevaa koti lake zuri, na kikombe cha tatu kilikuwa mezani, kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Akamsalimu Injinia kwa Kikorea.

"Marahaba," akajibu Injinia.

Mwalimu, ambaye Kiswahili kilikuwa kimemkolea, alicheka mpaka akashika meza. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu darasa lilipoanza kupukutika. Nikajisemea, hapa tumepona.

Akanyoosha mkono alichukue birika ammiminie mgeni. Injinia akamuwahi. Akajijazia kikombe mpaka pomoni, akanywa kwa sauti, akajijazia kingine. Mwalimu akaurudisha mkono wake mapajani, taratibu, na somo likaendelea.

"Chai safi," Injinia aliniambia tukitoka, "ila zile herufi zinanitazama vibaya. Tafuta mtu mwingine, kaka."

Sikumpata. Ijumaa mwalimu akanikabidhi birika.

"Mzigo wangu umejaa," alisema. "Chukua wewe."

Nilitaka kumtania kwamba mimi ndiye mwanafunzi bora wa darasa zima. Badala yake nikalipokea birika kwa mikono miwili, kama alivyonifundisha.

Jumatatu nilitoka kwenye kipindi cha uhasibu, ukumbi umefurika na hakuna aliyenigeukia. Chumbani nikachemsha chai, nikaweka vikombe viwili, nikammiminia Injinia. Alikuwa amelala chali kitandani, simu usoni. Akapapasa, akakipata kikombe.

"Asante, kaka." Akanywa. Baadaye kidogo akanitupia jicho. "Mbona chako kitupu?"

"Nangoja."

"Unangoja nini? Birika si hilo hapo mbele yako?"

Ningeweza kumweleza. Lakini ukishaeleza, hiyo si chai tena, ni somo, na somo lilikuwa limefungwa.

Akarudi kwenye simu yake. Birika lilikuwa mbele yangu kweli, linatoa mvuke. Nikalitazama mpaka mvuke ukaisha.